Kwa Nini Neema Amechelewa?



Ukikutana na Mtanzania aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1970 au 1980, mwulize anakumbuka nini katika vitabu vya kusoma vya wakati ule. Hatakutajia ngeli za nomino. Hatakutajia zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Atakwambia "Sizitaki mbichi hizi", kisha atakwambia "Kibanga ampiga mkoloni", na uso wake utakunjuka. Watoto wale wale walizisoma hadithi hizo mbili, darasani mle mle, lakini si hadithi za aina moja. Ya kwanza ni hekaya ya mnyama anayerukia matunda asiyoyafikia. Ya pili inamhusu mtu, mwanakijiji mwenye jina lake, aliyechoka kuonewa. Kibanga angeweza kuwa babu wa yeyote kati yetu, na nadhani ndiyo maana hajasahaulika hadi leo.

Leo nataka tuzungumzie hadithi za aina hiyo ya pili. Wataalamu huziita hadithi za kiuhalisia. Ni za kubuni, mambo yake hayakutokea, lakini yangeweza kutokea. Sungura hasemi, jini hatoki chupani, mtoto hageuki ndege. Kuna mtoto, kuna nyumbani kwao, kuna shule, kuna jambo linalomkera au linalomtisha, na kuna njia anayoitafuta ili atoke hapo alipo. Na hoja yangu kwa walimu wanaonisikiliza ni hii: hadithi hizi zinaweza kufanya kazi kubwa sana katika darasa la msingi, ila tunazinyima nafasi kwa sababu ya haraka yetu ya kutafuta funzo.

Sisemi kwamba hekaya zitupwe. Sungura na fisi wametulea, na mtoto asiyewajua amekosa sehemu ya urithi wake. Lakini hekaya imejengwa ili ifike kwenye funzo. Fisi ni mlafi tangu sentensi ya kwanza, na hatubishani kuhusu tabia yake. Mtu si hivyo. Mtoto mwema hudanganya, mzazi anayempenda mwanawe humpiga, rafiki wa kweli hukaa kimya siku anayotakiwa kusema. Mambo hayo mtoto wa miaka tisa anayaona nyumbani na njiani kila siku, na anahitaji mahali pa kuyafikiria pamoja na wenzake, mbele ya mtu mzima anayemsikiliza.

Ngoja nitunge hadithi fupi hapa hapa, tuitazame pamoja.

Neema yuko darasa la nne. Siku mbili katika kila wiki anafika shuleni kengele imeshalia na wenzake wako mstarini. Siku hizo mama yake hutoka alfajiri kupeleka nyanya gulioni, na maji ya nyumbani huwa kazi ya Neema. Bomba la kijiji hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na foleni ya ndoo huanza kupangwa kabla hakujapambazuka. Alhamisi moja mwalimu wa zamu anamsimamisha mbele ya shule nzima na kumwuliza kwa nini amechelewa tena. Neema anaangalia chini. Anajibu, "Nilipitiwa na usingizi, mwalimu." Katika mstari wa darasa la nne amesimama Asha, jirani yake, ambaye asubuhi ile ile alimwona bombani. Asha anafungua mdomo, kisha anaufunga.

Basi. Hapo mwalimu anafunga kitabu na kulitazama darasa.

Kwa mazoea yetu, swali linalofuata linajulikana: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mikono itapanda. "Tuwahi shule." "Tusidanganye." "Tusaidie wazazi." Mwalimu ataandika ubaoni, watoto watanakili, kipindi kimekwisha. Na hadithi nayo imekwisha, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kumjua Neema. Mtoto aliyejibu "tusidanganye" angeweza kujibu hivyo hivyo bila kusoma mstari hata mmoja.

Sasa badala yake mwalimu aulize: "Kwa nini Neema alisema alipitiwa na usingizi?" Jibu la swali hili halijaandikwa popote katika hadithi. Mmoja atasema aliogopa viboko. Mwingine atamkatalia: mbona kulala pia kuna viboko? Wa tatu atasema aliona haya watu wajue kwao hakuna wa kumsaidia mama. Wa nne, mara nyingi ni yule mkimya, atasema Neema alikuwa anamlinda mama yake asije akaitwa shuleni. Kila mmoja mwalimu anamrudishia neno moja tu: "Umejuaje?" Mtoto analazimika kurudi kwenye hadithi kutafuta ushahidi. Aliangalia chini. Alimwita mwalimu kwa heshima. Mama ametoka alfajiri. Huko ndiko kusoma kwa ufahamu kulikokomaa, maana mtoto anatoa katika maandishi jambo ambalo maandishi hayakulisema.

Kisha aulizwe kuhusu Asha. Asha angefanya nini? Hapa darasa litagawanyika, na ligawanyike. Wako watakaosema angenyoosha mkono na kusema ukweli. Wako watakaosema huo ni umbea, siri ya nyumba ya watu haitangazwi mstarini. Wako watakaopendekeza amfuate mwalimu baadaye, faraghani. Mtoto anayepima mambo haya anajifunza kufikiri juu ya haki, aibu na urafiki kwa wakati mmoja, jambo ambalo sentensi ya ubaoni isingempa.

Msikilizaji, suala hili la ufahamu si dogo. Tafiti za Uwezo, za kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zilipoanza kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda, matokeo yake ya mwanzo kabisa yalituonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi rahisi ya kiwango cha darasa la pili. Serikali zetu hazikukaa kimya. Tanzania ilianzisha mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, wenye mkazo wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile K tatu. Kenya mwaka huo huo ilianza mpango wa kusoma uitwao Tusome. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na walimu wa madarasa ya chini wanastahili heshima. Lakini kuunganisha herufi na silabi ni mlango tu wa kuingilia. Mtoto akishaingia anatakiwa akute kitu kinachomfanya atake kubaki humo, na kwa watoto wengi kitu hicho ni mtoto mwenzao aliye taabuni.

Nije kwenye mfano wa kitabu kilichopo kweli, kwa sababu kinaonyesha vizuri ninachosema. Mwaka 1944 mwandishi wa Marekani Eleanor Estes, aliyewahi kuwa mkutubi wa watoto, alitoa kitabu kifupi kiitwacho The Hundred Dresses. Kinamhusu Wanda Petronski, msichana maskini wa familia ya wahamiaji kutoka Poland, anayekuja shuleni kila siku na gauni moja la buluu lililochujuka, safi lakini halijanyooka. Wenzake wanamcheka jina lake na gauni lake. Siku moja anawaambia nyumbani kwao ana magauni mia moja, yote yamepangwa kabatini. Tangu hapo yakawa mateso ya kila asubuhi: una magauni mangapi, Wanda? Baadaye yanafanyika mashindano ya kuchora, na wanakuta ukutani magauni mia moja, kila moja kwa rangi na mtindo wake. Wanda aliyachora yote. Ameshinda, lakini hayupo. Baba yake ameihamisha familia kwenda jiji kubwa, mahali ambapo jina lao halitachekwa.

Sasa tazama ufundi wa mwandishi. Hadithi haikai sana kichwani mwa Wanda, wala mwa Peggy, yule mwanzilishi wa utani. Inakaa kichwani mwa Maddie, rafiki wa Peggy, ambaye naye ni maskini na anavaa nguo alizopewa na Peggy. Maddie hakuwahi kumcheka Wanda kwa sauti. Alisimama tu pembeni, akanyamaza, kwa hofu kwamba wakimwacha Wanda watamgeukia yeye. Na mwishoni, hata baada ya barua kuandikwa na kujibiwa, Maddie hapati nafasi ya kumwomba Wanda msamaha uso kwa uso. Kitabu kinamwachia mtoto msomaji uzito huo.

Kila darasa lina Peggy mmoja au wawili, na lina Wanda wake. Waliobaki, karibu wote, ni Maddie. Mwalimu wa Iringa, Mombasa au Bukavu akikisimulia kisa hiki kwa Kiswahili, akibaki na Marekani yake na gauni lake la buluu, watoto wenyewe watafika kwenye sare iliyochujuka na viatu vilivyotoboka bila kusukumwa. Hahitaji kumtaja mtu. Wala asimtaje. Nitarudi kwenye hilo.

Mwanazuoni wa huko huko Marekani, Louise Rosenblatt, alieleza mwaka 1978 kwamba kuna kusoma kwa ajili ya kuondoka na taarifa, na kuna kusoma kwa ajili ya kuishi ndani ya kile unachosoma wakati unakisoma. Maelekezo ya dawa tunayasoma kwa namna ya kwanza. Hadithi inadai namna ya pili kwanza. Kosa letu darasani ni kuisoma hadithi ya Neema tunavyosoma karatasi ya dawa: nani, wapi, siku gani, mara ngapi. Maswali hayo yana kazi yake, mitihani inayauliza, siwezi kumwambia mwalimu ayaache. Ninachomwomba ni mpangilio. Wasikilize kwanza. Wabishane. Ya mtihani yafuate.

Na hadithi ikishaishi namna hiyo, masomo mengine yanaingia yenyewe. Ndoo ya Neema ni ya lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi msichana wa darasa la nne anabeba kichwani kilo 20, na hapo hatujapima ndoo yenyewe. Akienda mara tatu kabla ya shule, amebeba kilo ngapi? Watoto watapiga hesabu hiyo kwa moyo zaidi kuliko ile ya machungwa ya Bwana Fulani, kwa sababu wanamjua anayebeba. Katika sayansi waulize maji ya bomba yanatoka wapi na kwa nini yachemshwe. Katika uraia waulize nani anaamua bomba lifunguliwe saa kumi na mbili na si saa kumi na moja, na mwananchi akitaka libadilishwe anampelekea nani hoja yake. Katika uandishi, mmoja aandike barua ya Neema kwa mwalimu wa zamu, mwingine aandike siku ile kama Asha alivyoiona. Ila hadithi isigeuzwe punda wa kubebeshwa kila somo mpaka magoti yaishe nguvu. Mada mbili zinatosha. Zikizidi, watoto wataanza kuiogopa hadithi, wakijua kila jina jipya litaleta zoezi.

Mwalimu anayenisikiliza sasa huenda anasema: nina watoto 90 na kitabu kimoja. Namwelewa, na jibu langu ni kwamba kwa kazi hii kitabu kimoja kinatosha. Mwalimu asome kwa sauti. Asome taratibu, asimame panapouma, asibadilishe sauti kupita kiasi kama yuko jukwaani, asiache hadithi kila mstari kueleza maana ya neno. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa dakika 12 za kusoma na zilizobaki za mazungumzo, hadithi ndefu inakwenda wiki mbili, na watoto watafika kesho yake wakiuliza imekuwaje kwa Neema. Kwa mazungumzo, wageuke watatu watatu kwenye dawati, waseme kwanza wao kwa wao, kisha wachache wasemee darasa. Hata katika chumba chenye watoto 90, kila mmoja amepata kusema jambo.

Na hadithi zenyewe? Tunazo, japo hazitoshi. Mwaka 1991 ulianzishwa Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mchapishaji alihakikishiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa shuleni, hivyo akathubutu kuchapa vitabu vya watoto kwa Kiswahili wakati soko lilikuwa limekufa. Elieshi Lema aliandika Mwendo. Kenya, marehemu Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, aliwaandikia vijana Ndoto ya Amerika. Kwa wanafunzi wa sekondari, Richard Mabala alimleta kwa Kiingereza Hawa, mwanamke anayeendesha basi, na wasichana wengi wa Tanzania walikutana na kazi hiyo kitabuni kabla ya kuiona barabarani. Na tangu mwaka 2014 kuna hazina ya African Storybook kwenye intaneti, yenye hadithi nyingi za Kiswahili ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na hata kuzirekebisha zifae darasa lake, bila malipo.

Lakini niseme wazi jambo linalonisumbua kama msomaji wa vitabu hivi. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya ujumbe wa mradi. Mtoto anaugua, anatokea muuguzi, muuguzi anahutubia ukurasa mzima, mtoto anashukuru. Hakuna mtoto anayeongea namna hiyo, na watoto wanajua. Vingine vina mwisho wa uongo: msichana maskini anasoma kwa bidii, kurasa mbili baadaye ni daktari, ana gari, amewajengea wazazi nyumba. Mtoto ambaye dada yake alisoma kwa bidii na yuko nyumbani anafungaje kitabu hicho? Na mama wa kambo, katika kila kitabu ni mkatili. Katika darasa la watoto 90 wako wanaolelewa na mama wa kambo, na wako wanaopendwa naye. Hadithi ya kiuhalisia inayosema uongo juu ya maisha ina madhara zaidi kuliko hekaya, kwa kuwa hekaya haijawahi kudai kwamba fisi ni jirani yako.

Neema asipewe bomba jipya katika ukurasa wa mwisho. Inatosha mwalimu wa zamu akijua, Asha akaanza kumsaidia kubeba ndoo ya pili, na mama akarudi siku hiyo na nyanya zimebaki nusu tenga. Maisha yamesogea kidogo. Watoto wanauheshimu mwisho wa namna hiyo.

Sasa lile nililoahidi kurudia. Hadithi za maisha halisi zinagusa majeraha halisi. Mwalimu akisoma kuhusu mtoto aliyefiwa na mama, darasani kuna aliyefiwa. Akisoma kuhusu baba mlevi, kuna ambaye jana usiku alilala nje. Akisoma kuhusu mtoto mwenye ualbino, katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, anashika jambo zito mno. Kwa hiyo kanuni yangu ni kali: tunamzungumzia mtoto wa kitabuni, hatumzungumzii mtoto wa darasani. Mwalimu asiseme, "Nani hapa yamemkuta kama ya Neema? Anyooshe mkono." Hilo ni kumvua mtoto nguo mbele ya watu. Akiachwa amseme Neema, mtoto anaweza kusema yake yote huku jina likiwa la mwingine, na heshima yake ikabaki salama. Na akija mtoto baada ya kipindi, amesimama mlangoni hataki kuondoka, mwalimu amsikilize, na panapohitajika msaada amwone mwalimu wa malezi au mkuu wa shule bila kulitangaza.

Mwalimu naye aisome hadithi yote kabla ya kuipeleka darasani. Litaonekana ni jambo dogo, lakini wapo wanaokifungua kitabu kwa mara ya kwanza mbele ya watoto, na panapouma wanaruka ukurasa au wanacheka ili wavuke. Watoto wanajifunza pale pale kwamba jambo lile halizungumzwi.

Kwa wajumbe wa kamati za shule wanaonisikiliza: mnapokaa kupanga matumizi, vitabu vya hadithi visiwe vya mwisho baada ya chaki na madaftari ya mahudhurio. Vitabu kumi vya hadithi nzuri, vilivyochaguliwa na walimu waliovisoma, vinahudumia shule nzima kwa miaka, mradi visifungiwe kabatini kwa kuogopa kuchakaa. Kitabu cha watoto kikichakaa kimefanya kazi yake.

Na wewe msikilizaji unayejua kuandika, hata kama hujawahi kuchapishwa: kijijini kwenu au mtaani kwenu kuna Neema. Andika kisa chake kwa kurasa nne au tano, badili jina na mahali, usimhubirie mtu, kisha kipeleke kwa mwalimu wa darasa la tatu au la nne wa shule iliyo karibu nawe, umwombe akisome kwa watoto.